Kisanduku cha Zamani, Rekodi za Leo: Namna ya Kuboresha Hifadhi ya Mtandao Bila Kupoteza Data

Juu ya kabati la faili, nyuma ya ruta au chini ya meza ya karani, mara nyingi huwa kuna kisanduku kidogo cheusi chenye taa zinazometameta usiku na mchana. Wauzaji hukiita NAS. Kwa Kiswahili chepesi ni hifadhi ya mtandao: diski moja au zaidi ndani ya kisanduku chenye kompyuta yake ndogo, kilichounganishwa na ruta kwa kebo ili kompyuta zote za ofisi ziweke na kuchukua faili mahali pamoja. Shule huweka humo matokeo ya mitihani, zahanati huweka rekodi za wagonjwa, vyama vya akiba huweka hesabu za mikopo, na wapiga picha huweka harusi za miaka kumi iliyopita.

Kisanduku hicho hufanya kazi kimyakimya, na kwa sababu hiyo husahaulika. Kompyuta ya mezani ikizeeka, anayeitumia huona kwamba imekuwa nzito, akaita fundi. Hifadhi ya mtandao inaweza kukaa miaka minane bila kuguswa, programu yake ikiwa ni ileile ya siku iliponunuliwa na diski zake zikizidi kuchakaa. Siku ikikataa kufunguka, ndipo ofisi hugundua kwamba kila kitu kilikuwa humo.

Si lazima kununua kisanduku kipya. Vingi vya zamani vinaweza kuongezewa miaka kadhaa ya kazi kwa kusasisha programu yake na kubadilisha vipuri vichache. Somo hili linaeleza namna ya kufanya hivyo kwa mpangilio ulio salama, makosa yanayopoteza data, na dalili kwamba wakati wa kukistaafisha umefika.

MAMBO MAWILI YANAYOZEEKA

Hifadhi ya mtandao huzeeka kwa njia mbili, na kila moja ina tiba yake.

La kwanza ni programu dhibiti. Hii ni programu iliyoandikwa ndani ya kifaa chenyewe, ndiyo inayokiwasha, inayosoma diski, inayouliza nywila na inayoongea na kompyuta nyingine. Mtengenezaji hutoa toleo jipya mara kwa mara ili kuziba mianya ya usalama na kurekebisha kasoro. Baada ya miaka kadhaa huacha kutoa. Kuanzia siku hiyo, mwanya wowote utakaogunduliwa utabaki wazi.

La pili ni maunzi, yaani sehemu zinazoshikika: diski, feni, adapta ya stima, RAM, betri ya saa na kebo. Diski ya kuzunguka ina sehemu zinazosonga muda wote. Feni hujaa vumbi. Adapta hudhoofika kwa joto na kwa stima inayopanda na kushuka.

Kusasisha programu hakuponyi diski iliyochoka, na kuweka diski mpya hakuzibi mwanya wa programu. Ndiyo maana kazi hizi mbili huenda pamoja, lakini hazifanywi siku moja. Kitu kikiharibika baada ya kubadilisha mambo mawili kwa mpigo, fundi hatajua ni lipi lililosababisha.

KWA NINI PROGRAMU YA ZAMANI NI HATARI

Mifano mitatu inaonyesha kwamba hatari hii ni ya kweli.

Mwezi Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Viliingia kupitia toleo la kwanza la SMB, lugha ya zamani ambayo kompyuta za Windows zilitumia kugawana faili. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha mwanya huo miezi miwili kabla, Machi 2017. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka. Visanduku vingi vya zamani vya hifadhi bado vinatumia lugha hiyo ya kwanza, na hulazimisha kompyuta za ofisi kuiwasha ili viweze kuongea nazo.

Mwezi Juni 2021, watu katika nchi mbalimbali waliokuwa na kisanduku cha Western Digital kiitwacho My Book Live waliamka wakakuta faili zao zimefutwa. Toleo la mwisho la programu ya kifaa hicho lilikuwa la mwaka 2015. Wahalifu walitumia mianya iliyobaki wazi, wakatuma amri ya kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Kampuni iliwashauri wenye vifaa hivyo kuvitoa kwenye intaneti mara moja.

Mwezi Januari 2022, virusi vya kudai kikombozi vilivyoitwa DeadBolt vilishambulia visanduku vya QNAP vilivyokuwa vimefunguliwa kwenye intaneti. Faili zilifungwa kwa msimbo, na mwenye kifaa akatakiwa kulipa bitcoin 0.03 ili apewe ufunguo.

Matukio haya yanafanana kwa jambo moja: wahalifu hawakuhitaji kuwajua waathiriwa. Kompyuta zao hupekua intaneti nzima zikitafuta mlango ulio wazi. Ofisi ndogo ya wadi na kampuni kubwa ya London zinaonekana sawa machoni pa mashine hiyo.

MFANO WA USHIRIKA WA MAZIWA

Chukua mfano wa ofisi ya ushirika wa maziwa. Kila asubuhi karani huingiza kilo alizoleta kila mkulima, na mwisho wa mwezi malipo hutoka kwa hesabu hizo. Rekodi zimo kwenye kisanduku cha diski mbili, kila moja ikiwa na TB 2, kilichonunuliwa mwaka 2014. Rekodi na picha za stakabadhi zimefika GB 300. Siku hizi kisanduku kinalalamika: feni inanguruma, faili zinachelewa kufunguka, na kompyuta mpya ya meneja haikioni kabisa.

Kijana fundi anaitwa. Anaketi, anafungua ukurasa wa kifaa, anaona kitufe cha kusasisha.

"Mama, hii ni kazi ya nusu saa. Nikibonyeza hapa, kinajisasisha chenyewe."

"Na kikizima katikati, mwanangu, kilo za wakulima nitazitoa wapi?"

"Si kuna diski mbili, Mama? Moja ikifa, nyingine ipo."

"Juzi nilifuta faili ya Machi kwa bahati mbaya. Niliitafuta kwenye hiyo ya pili, haikuwapo."

Hapo karani amemzidi fundi. Diski mbili zinazofanya kazi kama kioo, mpango uitwao RAID 1, huandika kitu kilekile kwa wakati mmoja. Hilo husaidia diski moja ikifa. Lakini faili ikifutwa, hufutwa kote. Virusi vikifunga faili, huzifunga kote. Kisanduku kikiibwa au kikiungua, diski zote mbili zimekwenda. Kioo si nakala ya akiba.

Kazi iliyo salama katika ofisi hiyo ingefuata hatua zifuatazo.

HATUA YA 1: KIJUE KIFAA

Kabla ya kubonyeza chochote, chukua daftari uandike mambo haya:

- Jina kamili la modeli, kama lilivyo kwenye kibandiko cha chini au cha nyuma. Herufi moja ya mwisho inaweza kumaanisha kifaa tofauti chenye prosesa tofauti.
- Toleo la programu dhibiti linaloonekana kwenye ukurasa wa usimamizi wa kifaa.
- Idadi ya diski, ukubwa wake, na nafasi kila moja ilipokaa. Bandika karatasi yenye nambari kwenye kila diski.
- Mpangilio wa diski: ni kioo, zimeunganishwa kuwa moja, au kila moja inajitegemea.
- Majina ya watumiaji na folda wanazoruhusiwa kufungua.
- Anwani ya kifaa kwenye mtandao wa ofisi.

Ikiwa kifaa kinaruhusu, hifadhi pia faili ya mipangilio kwenye kompyuta nyingine. Piga picha nyuma ya kisanduku kabla ya kuchomoa kebo yoyote.

HATUA YA 2: NAKALA KWANZA

Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni 3-2-1: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za vifaa, na moja ikae mbali na jengo la ofisi. Kwa ofisi ndogo, hiyo inaweza kuwa kisanduku chenyewe, diski ya nje ya USB inayofungiwa kabatini, na nakala nyingine iliyo kwa mweka hazina au kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyofungwa kwa nywila.

Hesabu muda kabla ya kuanza. Ruta au swichi ya zamani ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban MB 11 za faili kwa sekunde. GB 300 za ushirika ule zingechukua kati ya saa saba na nane. Swichi ya gigabiti ikipata MB 100 kwa sekunde, kazi hiyohiyo huisha kwa dakika 50 hivi. Ikiwa kisanduku kina tundu la USB, diski ya nje inaweza kuchomekwa moja kwa moja bila kupitia mtandao. Tumia kebo, usitegemee Wi-Fi.

Nakala ikiisha, ijaribu. Chagua faili kumi kutoka folda tofauti, zifungue kwenye kompyuta nyingine, linganisha idadi na ukubwa wa folda. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haihesabiki. Baada ya hapo chomoa diski ya nje, kwa sababu virusi vikiingia hushambulia pia kila kilichochomekwa.

HATUA YA 3: PIMA AFYA YA DISKI

Diski nyingi hujipima zenyewe kwa mfumo uitwao SMART, na ukurasa wa kisanduku huonyesha matokeo kwa mistari yenye nambari. Mistari mitatu inatosha kwa kuanzia.

Mstari wa 5 huonyesha sehemu za diski zilizoharibika na kuhamishwa. Mstari wa 197 huonyesha sehemu zinazotiliwa shaka, ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Mstari wa 9 huonyesha saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi. Mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 70,000 imezunguka kwa miaka minane hivi.

Kwenye mistari ya 5 na 197, angalia hesabu halisi ya matukio, ambayo kwa kawaida huwa safu ya mwisho. Ikiwa ni zaidi ya sifuri na inaongezeka wiki hadi wiki, diski inaelekea kufa. Ibadilishe kabla ya jambo lingine lolote. Usisasishe programu kwenye kifaa chenye diski mgonjwa, kwa kuwa kuzima na kuwasha kunaweza kuwa ndiko kunakoimaliza.

HATUA YA 4: SASISHA PROGRAMU DHIBITI

Pakua toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji pekee, kwa modeli ileile uliyoandika kwenye daftari. Usichukue faili kutoka tovuti nyingine au flashi ya rafiki. Soma maelezo ya toleo hilo. Baadhi ya vifaa haviruki kutoka toleo la zamani sana hadi la mwisho; hutakiwa kupitia toleo la kati kwanza. Ikiwa mtengenezaji ametoa alama ya uthibitisho ya SHA-256, linganisha na ya faili uliyopakua. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili imeharibika au imechezewa.

Chagua siku na saa ambazo stima haikatikikatiki, na unganisha kisanduku na ruta kwenye UPS. Waombe wafanyakazi wote wafunge faili zao. Unganisha kompyuta kwa kebo, kisha anza.

Usasishaji ukianza, kifaa hufuta sehemu ya kumbukumbu yake ya ndani na kuandika upya. Katika dakika hizo hakina programu kamili. Stima ikipotea hapo, kinaweza kushindwa kuwaka tena kabisa. Ndiyo maana mtu asiyezoea kazi hii hukiharibu kwa kukosa subira: taa zinameta, ukurasa haufunguki, anadhani kimekwama, anachomoa. Subiri muda ulioelezwa na mtengenezaji, kisha ongeza. Dakika 30 za kungoja hazina gharama.

Kikiwaka, thibitisha toleo jipya kwenye ukurasa wa usimamizi, fungua faili kadhaa, na uangalie kama watumiaji wote na folda zote zipo. Kama maelezo ya mtengenezaji yalitaja toleo la kati, rudia hadi ufike la mwisho.

HATUA YA 5: FUNGA MILANGO

Programu mpya haisaidii ikiwa mlango umeachwa wazi. Siku hiyohiyo, fanya haya:

- Badilisha nywila ya msimamizi iliyokuja na kifaa. Tumia sentensi ndefu unayoikumbuka badala ya neno fupi.
- Mpe kila mfanyakazi jina na nywila yake. Aliyeacha kazi afutwe.
- Zima toleo la kwanza la SMB, uache la pili na la tatu. Hapo ndipo kompyuta mpya ya meneja, ambayo imelifunga toleo la kwanza kwa usalama wake, itaanza kukiona kisanduku.
- Zima huduma zisizotumika, hasa Telnet na FTP, ambazo hupitisha nywila bila kuificha.
- Ingia kwenye ruta uzime UPnP, mpango unaoruhusu vifaa kujifungulia mlango wa intaneti bila kuuliza mtu. Ondoa pia mlango wowote uliowahi kufunguliwa kuelekea kisanduku.
- Washa uthibitisho wa hatua mbili ikiwa upo.
- Weka saa ijirekebishe kupitia mtandao. Saa ikikosea, vyeti vya usalama hukataliwa na rekodi za matukio huwa hazina maana.

Anayehitaji faili akiwa nje ya ofisi atumie VPN, njia iliyofungwa kati ya kompyuta yake na ruta ya ofisi, badala ya kukianika kisanduku kwenye intaneti.

HATUA YA 6: BORESHA MAUNZI

Acha wiki moja ipite. Kifaa kikiwa kimetulia na programu mpya, ndipo maunzi yaguswe. Zima kwa kutumia ukurasa wa usimamizi, subiri taa zizime, chomoa stima. Fanyia kazi mezani pa mbao, si kwenye zulia, na uguse chuma kilichounganishwa na ardhi kwanza ili umeme tuli wa mwilini usiunguze saketi.

Vumbi na feni. Tumia brashi laini. Zuia mapanga ya feni yasizunguke unapoyapangusa. Feni inayonguruma ibadilishwe kwa nyingine ya ukubwa, volti na plagi sawa. Diski inayofanya kazi katika joto kali hufupisha maisha yake, na feni ndicho kipuri cha bei ya chini kuliko vingi.

Adapta ya stima. Kifaa kinachojizima chenyewe au diski zinazotoweka na kurudi huweza kuwa na adapta iliyochoka. Adapta mpya lazima iwe na volti sawa kabisa na ya zamani, ampea sawa au zaidi, na mpangilio uleule wa chanya na hasi kwenye plagi.

Betri ya saa. Baadhi ya visanduku vina betri ya kitufe ya CR2032. Kisanduku kinachosahau tarehe kila stima inapokatika kinaidai.

RAM. Visanduku vingine vina nafasi ya kuongeza, vingine RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao. Soma mwongozo wa modeli yako. DDR2 haiingii penye DDR3, na DDR3L hutumia volti ndogo kuliko DDR3 ya kawaida, kwa hiyo usinunue kwa kukisia.

Diski. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kwanza, angalia orodha ya mtengenezaji kuhusu ukubwa unaokubalika. Mfumo wa zamani wa kugawa diski uitwao MBR, kwa sekta za kawaida za baiti 512, huishia TB 2.2, na kifaa chenye programu ya zamani kinaweza kuiona diski ya TB 4 nusu tu. Hii ni sababu nyingine ya kutanguliza programu. Pili, uliza dukani kama diski ni ya CMR au SMR. Diski za SMR hupanga njia za data zikilaliana kama vigae vya paa. Zinafaa kwa kuhifadhi, lakini huwa nzito mno wakati wa kujenga upya kioo.

Tatu, badilisha diski moja kwa wakati. Toa diski ya kwanza, weka mpya, kisha subiri kifaa kinakili kila kitu kutoka ile iliyobaki. Diski ya TB 2 inayosomwa kwa MB 100 kwa sekunde huchukua karibu saa sita, na kifaa dhaifu huweza kuchukua siku nzima. Diski ya zamani iliyobaki hufanya kazi ngumu kuliko kawaida katika saa hizo, na huo ndio wakati inapoelekea kufa. Nakala ya Hatua ya 2 ipo kwa ajili ya hali hiyo. Kifaa kikisema kimemaliza, ndipo ya pili ibadilishwe. Diski zote zikiwa mpya, panua nafasi kupitia ukurasa wa usimamizi.

Diski za kasi zisizo na sehemu zinazosonga, yaani SSD, si lazima. Kisanduku kilichounganishwa kwa swichi ya megabiti 100 kitabaki na kasi ileile. Pesa hizo zingenunua swichi ya gigabiti na UPS.

TAHADHARI: DISKI IKICHOMEKWA KWENYE WINDOWS

Visanduku vingi hutumia mfumo wa Linux, na diski zake hupangwa kwa namna ambayo Windows haisomi. Mtu akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta ya Windows, kompyuta huuliza kama anataka kuifomati kabla ya kuitumia. Akikubali, orodha ya faili hufutwa. Diski huwa haikuwa tupu. Windows haikuelewa lugha yake. Jibu ni hapana. Diski hiyo isomwe kwa kompyuta yenye Linux, na ikiwa rekodi hazina nakala, apewe mtaalamu wa kuokoa data kabla mtu mwingine hajajaribu.

KISANDUKU KILICHOACHWA NA MTENGENEZAJI

Tovuti ya mtengenezaji ikisema modeli haipati tena masasisho, kuna njia tatu.

Ya kwanza ni programu huria. Mfano unaojulikana ni kisanduku cha Linksys kiitwacho NSLU2, kilichotoka mwaka 2004 kikiwa na RAM ya MB 32 na matundu mawili ya USB. Wapenzi wa teknolojia walikitengenezea programu ya Unslung, na baadaye wengine wakakiwekea OpenWrt na Debian. Waligundua pia kwamba prosesa ya matoleo ya mwanzo, iliyotengenezwa kwa kasi ya megahezi 266, ilikuwa imepunguzwa hadi 133 kiwandani. Kuondoa kirezista kimoja kidogo kuliirudishia kasi yake. Kwa njia hiyo kifaa kiliendelea kutumika muda mrefu kuliko kilivyokusudiwa. Lakini kazi kama hiyo ni ya anayejua anachofanya, kwenye kifaa kisicho na data ya mtu, kwa sababu kosa moja hukiua.

Ya pili ni kuhamia kompyuta ya mezani iliyostaafu. Programu huria ya OpenMediaVault, iliyojengwa juu ya Debian, huigeuza kompyuta ya kawaida kuwa hifadhi ya mtandao, na bado hupata masasisho. Inakula stima zaidi kuliko kisanduku, lakini vipuri vyake vinapatikana kwa fundi yeyote wa mjini.

Ya tatu ni kukipunguzia kazi. Kisanduku kisichopata masasisho kinaweza kuwa mahali pa nakala ya pili tu: kikatwe intaneti, kiwashwe siku ya kunakili, kisha kizimwe na kuchomolewa. Kisibaki kuwa makao makuu ya rekodi za watu.

SHERIA INADAI NINI

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu aweke hatua zinazofaa za kuzilinda. Majina ya wagonjwa, nambari za vitambulisho, mishahara na madeni ya wanachama ni taarifa za aina hiyo, hata zikiwa kwenye kisanduku kidogo juu ya kabati.

Taarifa zikivuja na kuwepo hatari ya kweli ya kumdhuru mhusika, anayezihifadhi anatakiwa kuijulisha Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, na kuwaarifu wahusika. Mashambulizi ya mtandaoni yanaweza pia kuripotiwa kwa KE-CIRT/CC, kituo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kisanduku kikishambuliwa, chomoa kebo ya mtandao, usifute kitu, na uandike saa na yaliyoonekana kwenye skrini.

DISKI ILIYOTOLEWA HAIJAWA TAKA BADO

Diski ya zamani iliyotolewa bado ina rekodi zote. Kufuta faili au kufomati haraka hakuziondoi. Programu za bure huzirudisha. Ifute diski yote kwa programu ya kuandika juu yake, na kama imekufa na haifutiki, itobolewe au ivunjwe sahani zake kabla ya kutoka ofisini. Kisha mabaki yapelekwe kwa kampuni ya taka za kielektroniki yenye leseni ya NEMA. Yasitupwe jaani wala kuchomwa, kwa sababu moshi wa plastiki na saketi una sumu, na watoto huokota vipande.

ORODHA YA KUBANDIKA UKUTANI

1. Kila wiki: nakili kwenye diski ya nje, kisha uichomoe.
2. Kila mwezi: fungua faili kumi za nakala uone kama zinasomeka. Angalia mistari ya 5 na 197 ya diski.
3. Kila miezi mitatu: tafuta toleo jipya la programu dhibiti. Futa majina ya walioacha kazi.
4. Kila miezi sita: pangusa vumbi, sikiliza feni, jaribu UPS.
5. Kila mwaka: hakikisha mtengenezaji bado anatoa masasisho. Ameacha? Anza mpango wa kuhama kabla kifaa hakijakulazimisha.

Katika ofisi ile ya mfano, fundi angerudi siku ya pili na diski ya nje, angeanza kunakili asubuhi na kuondoka jioni, na kitufe cha kusasisha kingebonyezwa kesho yake. Kazi ya nusu saa ingechukua siku mbili, na wiki moja baadaye nyingine mbili kwa ajili ya diski. Mwisho wa mwezi, kila mkulima angelipwa kilo zake.